RAM Mpya, Kompyuta Bado Nzito: Kutafuta Chanzo Kwenye Deskitopu za Zamani

Deskitopu za mtumba zinazofanya kazi kwenye steshenari za Mtwara mjini, ofisi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Tandahimba na Newala au maabara za shule za Lindi hazitofautiani sana. Ni Dell OptiPlex 755, 780, 790 au 7010, au HP Compaq za 6000, 8000 na 8200. Zikianza kuwa nzito, ushauri unaotoka haraka ni mmoja: ongeza RAM (memori ya kufanyia kazi). Pesa inatumwa Dar es Salaam, mzigo unakuja na basi, na ukifika RAM inagoma kuingia kwenye sloti, au inaingia kompyuta isiwake, au kompyuta inawaka ikiwa nzito vilevile. Kuirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine za kazi kusimama. Ndiyo maana dakika kumi za kupima kabla ya kuagiza zina faida kuliko maelewano yoyote na muuzaji.

Kwanza: ni RAM kweli?

Fungua kazi zako za kila siku zote kwa pamoja: Word, Excel, kivinjari chenye kurasa unazozitumia, programu ya kuskani. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Nenda sehemu ya utendaji, uangalie asilimia tatu kwa dakika mbili tatu: memori, diski na prosesa.

Memori ikikaa juu ya asilimia 85 na diski nayo ikipanda hadi 100 kila ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, RAM haitoshi. Windows ikikosa nafasi kwenye RAM huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kila ukiirudia kazi hiyo diski inasomwa upya. Hapo kuongeza RAM kutaleta nafuu ya kweli.

Memori ikiwa asilimia 50 na diski imeganda kwenye 100 muda wote, usinunue RAM. Shida ni diski. Hali hii ni ya kawaida sana pale Windows 10 inapokuwa kwenye hadi diski (HDD, diski inayozunguka) ya zamani, na ndiyo inayowapotezea watu pesa kuliko zote.

Prosesa ikiwa juu ya asilimia 80 wakati hujafungua chochote, ama kuna programu inayokula prosesa kimyakimya, vikiwemo virusi vilivyoingia kupitia flashi za wateja, ama prosesa imepunguza kasi yake kwa sababu ya joto. Yote mawili yanaelezwa huko chini.

Ukiwa bado kwenye ukurasa wa memori, andika pembeni kasi ya RAM iliyopo, idadi ya sloti zinazotumika kati ya zilizopo, na kiasi kilichoandikwa "Hardware reserved". Kwenye mashine ya kawaida kiasi hicho huwa ni megabaiti chache hadi mia chache. Kikiwa gigabaiti moja au zaidi, kuna RAM uliyokwisha kuilipia ambayo kompyuta haiitumii.

Kusoma RAM kabla ya kuilipia

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua kasha. Shika chuma cha kasha kwa mkono kabla ya kugusa chochote ndani. Chomoa kipande kimoja cha RAM, upige picha safi ya stika na ya pande zote mbili. Picha hiyo ndiyo umtumie muuzaji. Ukimwandikia tu "nataka RAM ya 4GB ya Dell", atakutumia iliyo karibu na mkono wake.

Kitu cha kwanza ni kizazi. DDR2 na DDR3 za deskitopu zote zina pini 240 na urefu mmoja, lakini pengo la katikati ya pini liko sehemu tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. DDR4 ina pini 288. Volti nazo ni tofauti: DDR2 ni 1.8, DDR3 ni 1.5, DDR4 ni 1.2. RAM ikikataa kukaa, usiilazimishe; igeuze ulinganishe pengo lake na kijino cha sloti. RAM za laptop ni fupi, karibu nusu ya urefu, na hazitumiki kwenye deskitopu hizi. DDR3L, yenye volti 1.35, inafanya kazi vizuri kwenye deskitopu ya DDR3 kwa sababu inamudu pia volti 1.5.

Kitu cha pili ni maandishi ya stika. PC2-6400 ni DDR2 ya 800. PC3-10600 ni DDR3 ya 1333, na PC3-12800 ni DDR3 ya 1600. Kasi tofauti zikichanganywa, zote hushuka hadi ile ya chini, na hilo peke yake si tatizo: 1600 kwenye mashine inayotaka 1333 itatembea kwa 1333. Ogopa herufi ya mwisho. PC3-10600U ndiyo ya deskitopu. PC3-10600R ni ya seva. Itaingia kwenye sloti vizuri kabisa na kompyuta haitawaka. RAM za R huuzwa bei ndogo kwa sababu seva nyingi zimestaafishwa, na bei hiyo ndiyo inayowavuta watu. Yenye E ina chipu ya ziada ya kusahihisha makosa. Nayo iache kwa deskitopu za kawaida za ofisini.

Kitu cha tatu wauzaji wengi hawakisemi, na ndicho kinachorudisha RAM nyingi Dar: ujazo wa kila chipu. Hesabu chipu nyeusi za pande zote mbili, kisha gawa. RAM ya 4GB yenye chipu 16 ina megabaiti 256 kwa kila chipu, yaani gigabiti 2 (baiti moja ni biti 8). RAM ya 4GB yenye chipu 8 ina gigabiti 4 kwa kila chipu. Kidhibiti cha memori kwenye mashine za zamani kina kikomo cha ujazo wa chipu ambao kinaweza kuusoma, hata kama jumla ya gigabaiti iko ndani ya uwezo wa mazabodi.

Mashine za DDR3 zenye chipseti (chipu kuu za mazabodi) za Intel G41 na Q45 (OptiPlex 780 ni ya Q45), pamoja na prosesa za Core i za kizazi cha kwanza, zinaishia gigabiti 2 kwa chipu. Kwa hizo tafuta 4GB yenye chipu 16, nane kila upande. Ukiweka 4GB ya upande mmoja yenye chipu 8, ama skrini itabaki nyeusi, ama itasoma 2GB.

Core i za kizazi cha pili hadi cha nne, kama OptiPlex 790 na 7010 au HP 8200, zinafika gigabiti 4 kwa chipu. 4GB ya chipu 8 zinaisoma bila shida, lakini 8GB lazima iwe ya chipu 16. 8GB ya DDR3 yenye chipu 8 tu itagoma.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Zipo RAM mpya za bei ya chini, zenye chipu 16, ambazo zimetengenezwa kwa mazabodi za AMD pekee. Kwenye mashine ya Intel hazifanyi kazi, na kuhesabu chipu hakutakusaidia kuzitambua. Angalia stika: 2Rx8 ndiyo unayoitaka kwa RAM ya chipu 16. Ikiwa imeandikwa x4, au haina maandishi hayo kabisa na muuzaji anataja AMD, achana nayo.

Nunua mbili zinazofanana badala ya moja kubwa. Mazabodi hizi zina njia mbili za kupitishia data, na RAM mbili zikikaa kila moja kwenye njia yake, upana unakuwa maradufu. Picha ya skrini ikitoka kwenye mazabodi yenyewe bila kadi ya pembeni, tofauti inaonekana, maana picha nazo zinatumia RAM hiyohiyo. Kwenye OptiPlex za kizazi cha 790 na 7010 anza na sloti zenye vishikio vyeupe. Kwenye mashine nyingine fuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko cha kasha.

Dalili: feni inazunguka, skrini nyeusi, au kuna milio

HP za 6000 hadi 8200 zikipiga milio mitano huku taa nyekundu ikiwaka mara tano, zinasema memori haijasomeka. Dell zinatumia taa ya kuwashia yenye rangi ya chungwa na, kwa baadhi, taa za namba 1 hadi 4 kwa mbele. Rudia kuchomoa umeme na kubonyeza kitufe kama mwanzo, kisha toa RAM zote.

Sugua pini kwa ufutio mweupe, polepole, kutoka juu kwenda ukingoni, pande zote mbili. Ukanda huu wa pwani hewa ina chumvi na unyevu. Mashine iliyokaa karibu na dirisha Shangani au Mikindani hupata utando mwembamba kwenye pini ambao jicho halioni vizuri, na ufutio unatoka na weusi. Futa mabaki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya asilimia 99, subiri ikauke. Sloti zenyewe zisafishe kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji na chumvi, ndivyo vitu viwili unavyojaribu kuviondoa.

Rudisha RAM moja tu, ya zamani iliyokuwa inafanya kazi, kwenye sloti ya kwanza. Bonyeza ncha zote mbili hadi vishikio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Upande mmoja ukibaki juu kwa milimita moja tu, mashine haiwaki. Ikiwaka na ya zamani, izime, weka mpya peke yake kwenye sloti ileile. Mpya ikigoma peke yake kwenye sloti nzima, rudi kwenye hesabu ya chipu na herufi ya stika. Mpya ikifanya kazi peke yake lakini ikigoma ikiwa na mwenzake, hazipatani. Tumia jozi moja tu.

Kama hata ya zamani haiwashi tena, toa betri ya mviringo ya mazabodi, CR2032, kwa dakika tano huku waya wa umeme umechomolewa, kisha irudishe. Mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) itarudi ya kiwandani. Hapo kuna jambo la kuangalia: mpangilio wa SATA (njia ya kuunganishia diski) unaweza kubadilika kutoka AHCI kwenda mwingine, na Windows ikaanza kutoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B au maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Watu hupiga Windows upya kwa sababu ya hili bure. Ingia BIOS, rudisha mpangilio uliokuwepo, na itawaka.

Ukiona ujumbe kwamba kiasi cha memori kimebadilika, hilo si kosa. Bonyeza F1 uendelee.

Dalili: umeweka 8GB, inasoma 3 au 4

Angalia aina ya Windows kwenye sifa za mfumo. Windows ya biti 32 haivuki 4GB, na kwa kawaida inakupa takribani 3.2 hadi 3.5 za kutumia. Dawa yake ni kupiga Windows ya biti 64, na prosesa zote za Core 2 Duo na Core i zinaikubali. Windows 7 Home Basic ya biti 64 nayo inaishia 8GB.

Ikiwa ni biti 64 na bado RAM imepungua, fungua msconfig, nenda sehemu ya kuwasha, kisha chaguo za juu. Kama kisanduku cha kiwango cha juu cha memori kimewekwa tiki, kitoe. Kuna maelezo yanayosambaa kwamba kuweka tiki hapo kunaongeza kasi. Kunachofanya ni kuweka kikomo.

Kisha linganisha na BIOS. BIOS ikisoma 8GB na Windows ikasoma pungufu, tatizo ni la Windows. BIOS yenyewe ikisoma 4GB, kuna RAM au sloti isiyosomeka. Hamisha RAM moja moja. Sloti mbili za njia moja zikigoma zote kwa RAM yoyote, kwenye mashine za Core i angalia soketi ya prosesa kwa tochi ya simu: pini iliyopinda, au feni ya prosesa iliyokazwa upande mmoja, inaweza kuua njia nzima ya memori. Legeza skrubu za feni, uzikaze upya kwa msalaba, kidogo kidogo.

Dalili: inafanya kazi, kisha inazima au skrini ya bluu

MEMORY MANAGEMENT na PAGE FAULT IN NONPAGED AREA ni ishara za kwanza kushuku RAM, ingawa draiva mbovu nayo huleta hizohizo. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, ukubali kuwasha upya, uache kipimo kimalize. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Kiache kimalize angalau mzunguko mmoja mzima, na kwa 8GB kwenye mashine ya zamani panga saa kadhaa. Kosa moja tu jekundu linatosha kuikataa RAM hiyo. Pima kipande kimoja kimoja: kosa likifuata RAM, RAM ni mbovu, likibaki kwenye sloti hata ukibadilisha RAM, mazabodi ndiyo mbovu.

Vipimo vikipita vyote na bado inazima, tazama kapasita za mazabodi na za pawa saplai. Zile zenye kichwa kilichovimba au kinachovuja zimekwisha. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huziumiza, na UPS ni ulinzi wa kweli hapo. Pawa saplai usiifungue mwenyewe. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Dalili: RAM yote inasoma, kompyuta bado nzito

Anza na diski. Sakinisha CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano, au mistari ya 05, C5 na C6 ina thamani ghafi zaidi ya sifuri, diski inakufa: hifadhi nakala ya kazi leo, kabla ya kufanya lingine lolote. Hata ikiwa nzima, hadi diski ya mizunguko 7200 inamudu maombi madogo takribani mia moja kwa sekunde, wakati SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya bei ya kawaida inamudu makumi ya maelfu. Windows 10 inapowaka inaomba maelfu ya mafaili madogo, na hapo ndipo mashine inaposimama.

SSD ya SATA ya 240GB inafaa kwenye mashine zote zilizotajwa hapa. Q45 na G41 zina SATA ya gigabiti 3, kwa hiyo hutapata kasi iliyoandikwa kwenye boksi, lakini mafaili madogo yatafunguka kwa haraka ileile. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu na mashine ina 4GB, kwa kazi za kuchapa na kuskani nunua SSD kwanza, RAM baadaye. Piga Windows upya badala ya kunakili ya zamani na uchafu wake, na hakikisha AHCI imewashwa kabla ya kuanza, kama BIOS inayo.

Joto lifuate baada ya diski. HWMonitor inaonyesha nyuzijoto za prosesa. Core i ikikaribia 95 huku ukifanya kazi ya kawaida, inajipunguza kasi ili isiungue. Toa feni, ondoa vumbi lililoshonana kwenye mapezi, futa pesti ya kupitisha joto ya zamani iliyokauka kama chokaa, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati ya prosesa. Nyingi zaidi haisaidii. Kasha lisikae sakafuni wala ndani ya kabati la meza lililofungwa.

Mengine ni ya haraka: zima programu zinazojiwasha zenyewe kupitia Task Manager, bakisha kinga-virusi moja, na toa mpango wa kubana umeme. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, badilisha CR2032. Tarehe isiyo sahihi inafanya tovuti zenye usalama zigome, na mtu akadhani intaneti ni nzito.

Pa kuishia

Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi Core 2 Duo wala karibu Core i zote za vizazi vya kwanza hadi vya saba. Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu yenye 8GB na SSD bado inastahili kutunzwa. Core 2 Duo ya DDR2, kama OptiPlex 755, usiitumie pesa ya RAM. DDR2 ya 4GB kwa kipande ni adimu, na ukiipata bei yake inakaribia kukupa mashine nyingine ya mtumba iliyo bora. Iwekee SSD ya 120GB na Linux Mint ya Xfce, ambayo inahitaji 2GB na inakaa vizuri kwenye 4GB. Kabla ya kufuta Windows, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, unganisha printa na skana ya ofisi, uchape ukurasa mmoja na kuskani mwingine. Vikikubali vyote viwili, sakinisha.